Vidonge vya Halima wa Kotile

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa, msimamizi wa hospitali alinifungulia chumba kilichojaa vyandarua na magodoro mabovu. "Hii ndiyo kliniki yako, Daktari," akasema. "Ila sijui utamtibu nani. Saratani ni ugonjwa wa Nairobi."

Nilikuwa nimetoka kusomea saratani na magonjwa ya damu, mwanamke wa Voi ambaye hakuna aliyetarajia angekaa. Nilizunguka wadi asubuhi hiyohiyo nikawakuta wagonjwa wangu wamelala humo, wakitibiwa malaria na kifua kikuu, magonjwa wasiyokuwa nayo. Nikarudi kuyatoa magodoro mwenyewe.

Wa kwanza alikuwa Halima, mfugaji kutoka Kotile, wa rika langu. Tumbo lake lilikuwa na makovu, maana nyumbani walishamchoma moto kuutoa ugonjwa. Wengu, kiungo kinachochuja damu upande wa kushoto, ulikuwa umevimba hadi chini ya kitovu. Nikatandaza tone la damu yake kwenye kioo, nikalitia rangi, nikatazama kwa hadubini. Seli nyeupe zilisongamana, changa kwa zilizokomaa. Ilikuwa saratani ya damu, ile inayokwenda polepole, ambayo hutulizwa kwa vidonge vya kila siku.

"Mpe dawa ya malaria kwanza," akasema msimamizi.

"Amepewa tangu mvua zilizopita."

"Basi mpeleke Nairobi."

"Akakae kwa nani? Na ng'ombe abaki nao nani?"

Nilimfuata msimamizi mlangoni kwake kila asubuhi mpaka akachoka, akakubali vidonge viletwe na gari la hospitali. Vikamfaa Halima. Wengu ukanywea, akanenepa, akaanza kututania. Kisha akapotea.

Nilimkuta Kotile akinywesha ng'ombe.

"Abaayo," akaniambia, yaani dada, "mimi nimebona. Fidonge ni ya mtu mgonjwa."

"Umepona kwa sababu ya vidonge."

"Ndiyo. Imefanya kazi yake. Sasa nameza ya nini?"

Nikamweleza kuhusu uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unakotengenezwa damu, na kwamba ugonjwa ulikuwa bado umejificha humo. Alinisikiliza kwa adabu zote, akanipa chai ya maziwa, kisha akahama na mifugo.

Kiangazi kilipokaza, kaka zake walimleta amebebwa, ufizi unavuja damu. Alihitaji kuongezewa damu upesi, na benki ya damu ilikuwa tupu. Nikawaomba kaka zake. Mkubwa wao akasema damu ya mwanamume ikitoka hairudi. Nilikuwa nimechoka kubishana. Nilijua kundi langu la damu linamfaa, basi nikalala kitandani mbele yao, nikakunja mkono wa gauni, nikamwambia muuguzi anitoboe. Mfuko ulipokuwa unajaa, kaka mkubwa akavuta kiti. "Toa na yangu," akasema kwa hasira, bila kunitazama. Wengine wakapanga foleni nyuma yake.

Halima alinusurika. Tangu hapo alimeza vidonge bila kukosa, akinilaumu kwa kila kimoja.

Wasimamizi walikuja na kuondoka, na kila mmoja alinieleza upya kwamba saratani si kipaumbele cha eneo hili. Nilipostaafu, hakuletwa daktari mwingine. Chumba kimefungwa kufuli. Watu huniuliza kama napumzika. Nitapumzikaje? Halima hubisha hodi langoni kwangu hapahapa Garissa kuniambia vidonge vimekwisha, nami humpigia simu msimamizi wa sasa, kijana niliyemfundisha mimi.

"Tunashughulikia, Mama," hunijibu.

Neno hilo nimelisikia tangu niajiriwe. Wiki iliyopita nilikata simu, nikavaa viatu, nikaenda na Halima hadi ofisini kwake. Katibu akasema bosi yuko mkutanoni. Tukavuta benchi likaziba mlango wake, tukaketi, vikongwe wawili, Halima akatoa chupa ya chai, nasi tukanywa taratibu mpaka mtu wa stoo alipokuja na vidonge mkononi.