Blazari Iliyotaka Kutunyima Chisense

Ijumaa jioni.
Yaya Mado, dada yangu wa Pweto, na marafiki wote,

Leo simu yangu karibu inyime soko letu la Kashikishi samaki.

Asubuhi sokoni niliwasomea wenzangu habari kwenye simu: blazari moja, yaani kiini cha galaksi ya mbali sana, imewaka ghafla kwa mwanga wa gama. Darubini ya angani imeuona.

Nikaongeza, kwa furaha yangu, kwamba unashinda mwanga wa nyota zote.

Kosa langu njo hilo.

Munajua chisense, hawa samaki wetu wadogo, wanafuata taa za wavuvi usiku. Mwezi ukiwaka sana wanatawanyika, na wavuvi wanalala nyumbani.

Na leo mtumbwi wa marehemu mume wangu Yosefu ulikuwa unarudi majini mara ya kwanza tangu tumuzike.

Alasiri nafika ufukweni, wavuvi wanakunja nyavu.

"Mama, hatuingie," akasema Ba Kalaba, mkubwa wao. "Banasema kuko nyota inapita mwezi kwa kuwaka."

"Ba Kalaba, ule mwanga macho haiuone."

"Hata macho ya chisense?"

"Hata yao."

"Sasa nani aliuona?"

"Darubini. Iko kule juu."

Akatazama juu, akanitazama mimi. "Basi ikae nao kule kule."

Tulicheka mpaka akashikilia mtumbwi asianguke. Yosefu naye alikuwa anacheka hivyo, akipiga goti.

Wakapakia taa, wakasukuma. Wameondoka sasa hivi. Niko na matope mpaka magotini, nacheka peke yangu.

Nanyi mmewahi kutisha soko zima? Niandikieni.

Na kesho mkikaanga chisense, mtukumbuke, Yosefu na mimi.