Nusu ya Mkurugenzi

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: nikimpunguzia mkurugenzi memwari, nitakuwa nimetengeneza serva au nimeiba?

Memwari ni nafasi ambayo kompyuta hutandaza kazi inayofanya wakati huo. Hospitali yetu hapa Baraka ina serva moja tu, zawadi ya wafadhili, na ndani yake kuna mashine pepe nne: ya mapokezi, ya famasi, ya maabara na ya uongozi. Kila moja hujiona ni kompyuta kamili, kumbe zote zinakula sahani moja.

Sahani hiyo iligawanywa kikaoni, kama mbuzi wa kumpokea mgeni. Mkurugenzi alipewa nusu, ikafungwa isiguswe hata akiwa safarini Uvira. Mkuu wa famasi, aliyewekwa sawa na mapokezi, akakasirika mpaka akaongezewa.

"Miaka yote hii mi niko hapa, munipe sawa na bale ba mulangoni?"

Nikajaribu kueleza kwamba nafasi haitoshi. Mkurugenzi akacheka. "Andika tu, Enjenia. Mashini haibishanake na bakubwa."

Kweli, haikubishana. Serva hukubali kuahidi zaidi ya ilichonacho. Ila kila asubuhi famasi ilipoanza kazi, maabara iliganda. Nilishuku betri za sola, kisha waya, kisha virusi, kisha diploma yangu. Waya uleule niliubadilisha, nikaurudisha, nikaubadilisha tena. Mama wa maabara, ambaye hucheka zaidi akiwa na hasira, aliniuliza mbele ya wagonjwa:

"Enjenia, mashini yako iko na malaria. Umeipatia dawa?"

Nilipoacha kujishuku na kuichunguza serva yenyewe, nikaona. Maabara ilikuwa inanyang'anywa memwari na kazi yake kusukumwa kwenye diski, kama mtu anayetoa vyombo vyake nje kila anapotaka kugeuka chumbani. Wakati huohuo mashine ya mkurugenzi ilikuwa imekalia nusu nzima, ikionyesha ripoti moja iliyofunguliwa tangu juzi.

Nikaenda kumwambia.

"Bafadhili bakija, batapita kwanza kwa ofisi ya nani?" akauliza bila kuinua macho. "Kwa labo?"

"Hapana, Directeur."

"Bon. Yangu uiache. Si ulisoma? Tafuta ufundi."

Mkataba wangu wa kazi ulikuwa mezani pake, haujasainiwa. Nilitoka nikiwa nimemshukuru. Sijui nilimshukuru kwa nini.

Kesho yake bibi mmoja wa Ubwari alikaa kwenye benchi la maabara na mjukuu wake mapajani. Mtoto alikuwa ameishiwa damu, midomo ina rangi ya majivu. Damu ilikuwepo kwenye friji. Mama wa maabara alikuwa amepima kundi la damu ya mtoto mapema na kulijua, lakini kwa amri ya mkurugenzi jibu lililoandikwa kwa mkono halitambuliwi: mpaka litoke kwenye mashine. Na mashine ilikuwa imeganda.

Bibi akanishika mkono. "Mutoto yangu, ile mashini iko nangojea nani?"

"Iko nangojea mukubwa, mama."

Nilijibu kabla ya kufikiri, mimi ninayefikiri hata kabla ya kusalimia. Mama wa maabara akanitazama, na safari hii hakucheka.

Nikaenda chumba cha serva. Nikawaza: akinifukuza? Serva ikikataa kuwaka? Kama nimekosea hesabu? Mikono ikaendelea huku nikiwaza. Nikaizima mashine ya mkurugenzi pamoja na ripoti yake, nikaifungua ile nusu, nikamwachia kipande kinachotosha kusomea ripoti. Kilichobaki nikaipa maabara, nikaiwasha upya.

Sauti ya mkurugenzi ikaja koridoni. "Nani amezima mashini yangu?"

Nyuma ya ukuta, printa ya maabara ilianza kutoa karatasi.

"Ni mimi, Directeur," nikasema. Akaniamuru nirudishe kama ilivyokuwa. Nikasema hapana.