Swali la Kwanza la Mama Agar

Mama Agar wa Beu, mtaa mmoja wa Beni, ukimkuta sokoni Jumanne au Ijumaa, atakusalimia vizuri, atauliza habari ya watoto, kisha atakuuliza kama umewahi kusema uongo. Usikasirike, ndiyo kazi yake. Kanisa limempa kazi ya kuhubiri, naye anaifanya kama mtu anayepepeta unga: mikono inaenda, macho yako kwingine.

Maswali yake yana mpango. "Papa, umeisha kusema bongo?" Mtu anacheka: nani hajasema? "Mutu mwenye kusema bongo tunamuitaka nani?" Hapo mtu anaanza kutafuta pa kutokea. Agar hamsaidii. Anangoja mpaka mwenyewe atamke: "Mubongo." Anaenda kwenye wizi, anaenda kwenye chuki, na mwisho anauliza: "Mungu akikupima leo na amri zake, atakuona nani?" Mtu akishanyamaza, ndipo anamwambia habari ya Yesu. Pasta Ananie ndiye aliyemfundisha hivyo. Dawa, anasema pasta, hawapewi watu wasiojua kama wanaumwa. Na akianza kueleza hiyo dawa, ee ndugu yangu, tafuta kiti.

Mwanzoni Agar alikuwa anataja na namba za amri. Siku moja alisimama mbele ya Salomon, muuza makayabo, wale samaki wa chumvi, akamuuliza: "Papa, amri ya tisa, umeisha kuivunja?" Salomon ni Mkatoliki, na hesabu ya Wakatoliki si ya Waprotestanti; kwao uongo uko kwenye ya nane. Ya tisa ni mke wa jirani. Yule mzee aliacha samaki wake, akainua mikono miwili mbele ya watu wote: "Bibi ya mutu? Hapana, mama! Hata kumuangalia sijamuangalia!" Soko lilicheka mpaka watu wakashika mbavu. Pasta akamwambia aache namba. Agar akaacha namba.

Yeye siku ile hakucheka. Wala hakuona haya. Hakusikia kitu, na nakuambia ukweli, ilikuwa tayari mwaka mzima hasikii kitu. Chakula alikula kwa sababu ni saa ya kula. Watu kumi na wawili waliokoka kwa mkono wake mwezi mmoja, kanisa likapiga vigelegele, naye alikuwa anaangalia kamba ya kiatu cha mpiga gita.

Mumewe, Lusenge, aliuawa na waasi shambani, ndani ya kakao yake. Sasa sikia namna watu wa kule wanavyoishi. Kabla ya kwenda shamba, unampigia simu Kasonia, kiongozi wa wakulima wa upande ule, anayelala karibu na kizuizi cha askari. Kasonia akisema kuko kimya, unaenda. Akisema ngojeni, unangoja, hata kakao ioze mtini. Asubuhi ile Lusenge alikuwa anafunga panga kwenye pikipiki yake, akaita kutoka uani: "Mama Shekinah, umeuliza njia?" Simu ya Agar ilikuwa kwa jirani, inachajiwa. Mvua ilikuwa inanyesha. Jana yake kulikuwa kimya, na juzi yake pia. Agar akajibu: "Nimeuliza. Kuko muzuri."

Maneno matatu tu. Saa nne walikuja kumwambia.

Hajamwambia mtu. Na sababu anaijua vizuri, hana haja ya pasta kumweleza: kwa Wanande, kabila lao, mtoto ni wa ukoo wa baba. Ndugu za Lusenge wakijua nani alimfungulia njia ya kufa, watakuja kumchukua mtoto wake Shekinah, mwenye miaka tisa, na hakuna mzee wa kuwazuia. Kwa hiyo mtu sokoni akimgeuzia swali, "Na wewe mama, haujasema bongo?", Agar anayo dhambi moja ya kuonyesha watu. Aliiba sukari ya shangazi yake akiwa mdogo, akamsingizia paka. Watu wanaipenda sana hiyo ya paka. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya Agar ilikuwa imefika miaka miwili.

Mwaka huu kanisa la Butembo likamwomba akawafundishe wanawake wao kuhubiri kwa amri. Wiki moja. Alilala kwa Godelive, mama wa Lusenge, Mkatoliki wa rozari kila alfajiri, mwanamke asiyepoteza maneno. Jumamosi asubuhi, Agar akiwa ameshafunga mfuko wake wa kurudi Beni, alimkuta mama jikoni anachagua maharage kwenye lungo.

"Mama Shekinah," Godelive akasema, "wiki nzima uko nauliza batu maswali. Mimi hapana. Juu ya nini?"

"Mama, naweza aje kukuuliza zambi wewe? Wewe ni mama ya bwana yangu."

"Leo uniulize."

Agar akakaa kwenye kigoda. Sauti ilitoka yenyewe, ile ya sokoni. "Mama, umeisha kusema bongo?"

"Ndiyo."

"Mutu mwenye kusema bongo..."

"Ngoja. Hauniulize ni bongo gani?"

Katika mpango wa pasta hakuna swali hilo. "Gani, mama?"

Godelive aliendelea kuchagua maharage. "Siku ya matanga, Kasonia alinifuata nyuma ya nyumba. Alikuwa nalia. Aliniambia, asubuhi ile simu ya kwenu haikumufikia. Mangaribi yake batoto yangu, Muyisa na wandugu yake, bananiuliza nani alipatia Lusenge njia. Nikabaambia hapana mutu. Nikabaambia Lusenge ni kichwa ngumu tangu utoto, alijiendea tu. Mwanangu hakukuwa amemaliza hata siku mbili ndani ya udongo, na mimi namusingizia."

Agar alisikia maneno yote, moja moja. Lusenge, aliyekuwa hawezi kuvuka hata kijito bila kuuliza kina chake. Kila mwaka kwenye misa yake ndugu zake walitikisa vichwa, kichwa ngumu, kichwa ngumu, na Agar alidhani ni namna yao ya kulia.

"Juu ya nini, mama?"

"Bangekamata mutoto. Na wewe ulikuwa pale, umekaa, macho wazi, kama hauko. Nikasema nimepoteza moja, sitapoteza tena mbili." Akaokota jiwe, akalitupa. "Padri aliisha kunisamehe. Lakini banaendelea kumutukana, na mimi naitikia. Basi maliza swali yako. Mama mwenye kusingizia mutoto wake mwenye alikufa, tunamuitaka nani?"

Agar alingoja machozi. Hayakuja, na hilo lilimchukiza kuliko yote. Mganga hajigangi: yeye alikuwa ametibu watu mia nne kwa neno moja, mubongo, na hilo neno hakuwahi kujiambia mwenyewe.

"Hapana wewe, mama," akasema. "Mubongo ni mimi. Aliniuliza kama nimeuliza njia, nikamuambia nimeuliza. Hata simu sikuwa nayo."

"Najua."

"Na Shekinah, nikibaambia?"

Godelive akaweka lungo chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwangalia asubuhi ile. "Sijui," akasema. "Sikudanganye."

Muyisa, kaka mkubwa wa Lusenge, anakaa uzio wa pili. Agar alisimama, akapita mlangoni, akavuka uani. Alikuwa anaogopa, anaogopa kabisa, na tangu Lusenge afe hakuwa ameogopa kitu.

Muyisa alikuwa anapaka viatu rangi kwenye baraza. Akamkaribisha shemeji yake, akamvutia kiti. Agar hakukaa.

"Kaka," akasema, "Lusenge hakukuwa kichwa ngumu. Aliuliza. Aliuliza mimi."