Pampu Niliyompelekea Mama wa Malangali

Nauza pampu za kumwagilia mashamba hapa Sumbawanga, na huwa najiona mtaalamu. Juzi alikuja dukani mama mmoja wa Malangali, mwalimu mstaafu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nataka pampu na chujio. Nafuga samaki nyumbani, na maji yao yanachafuka.”

“Wanakaa pakubwa?”

“Pakubwa, kutoka ukuta hadi ukuta.”

Nikajua ni bwawa la uani. Alipotaka kueleza zaidi nilimkatiza, nikamwambia aniachie mimi.

Jumapili nilishuka kwenye bodaboda mlangoni kwake nikiwa na mabuti ya mpira, pampu ya petroli mikononi na bomba nene begani. Alinikaribisha sebuleni, alikokuwa ameketi na padri na wageni wengine. Nikawasalimia, nikauliza bwawa liko upande gani.

Mama alinyoosha kidole nyuma ya kochi. Palikuwa na tangi refu la kioo lenye taa, na ndani yake visamaki vya rangi vya Ziwa Tanganyika, vidogo kuliko kidole changu.

Padri aliitazama ile pampu, akauliza kwa upole, “Kijana, ukiiwasha hiyo, sisi tukimbilie wapi?”