Nilipoambiwa Nifunge Swichi

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa kituo cha kupozea umeme cha Shinyanga hakunipa kalamu wala daftari. Alinisimamisha karibu na transfoma na kusema, "Sikiliza kwanza, Mama Kulwa."

Nikasikia mvumo mzito, hata kifuani.

"Hayo ni maji," akasema. "Yameanguka kwenye mabwawa huko kusini, yakazungusha mitambo. Sasa yako hapa."

Mimi niliyekua nikichota maji lamboni kwa ndoo nilibaki nimeduwaa.

Miaka hiyo ya tisini, Kahama na machimbo ya dhahabu kuelekea Geita yaliendeshwa na jenereta za dizeli. Moshi wake ulitia weusi hata nguo zilizoanikwa. Tukapewa kazi ya kuimarisha laini ya magharibi ili umeme wa maji ufike huko. Msongo, yaani nguvu inayousukuma umeme, ukiwa mkubwa, umeme kidogo tu hupotea njiani. Lakini msongo mkubwa unadai minara mirefu na vikombe vingi zaidi. Vikombe ni vile vigae vinavyoshika waya usiguse chuma cha mnara. Mafundi walipanda kuvibadilisha, nami kituoni nikashika swichi. Laini ikizimwa, uhai wao uko mkononi mwako.

Mchana mmoja Fundi Mkuu aliita kwa redio kutoka porini. "Kituo, tumemaliza. Funga swichi."

Chuoni tulifundishwa kwamba kufunga swichi ni kuunganisha, umeme upite. Nikashika mpini. Utaratibu ulitaka nihakikishe kwanza kwamba laini haina watu, nami nusura niuruke, kwa kuwa sauti ya Fundi Mkuu niliizoea.

"Fundi, watu wameshuka?"

"Washuke waende wapi? Tumemaliza kula tu, kazi bado. Fundi Masanja yuko juu ya mnara, anamalizia muhogo wake kama yuko harusini."

"Sasa nifunge vipi?"

"Kwa kufuli, mama, mtu asiiwashe. Asubuhi hukutia kufuli, au?"

Kweli, sikutia. Niliondoa mkono kwenye mpini kidole kimoja kimoja, nikatia kufuli.

Nilimweleza Msimamizi yote, na kosa langu la kufuli. Hakunigombeza. Alichukua chaki akaandika ukutani maagizo matatu: washa, kata, tia kufuli. "Kuanzia leo neno funga tunawaachia wenye milango," akasema. "Na kila agizo lirudiwe kabla mkono haujagusa kitu." Wanangu mnaoanza kazi hii, msione haya kurudia neno wala kuuliza swali linaloonekana la kijinga.

Siku laini ilipowashwa nilikuwa Kahama, na mji ulinyamaza. Jenereta zilizimwa moja baada ya nyingine, na watu wakatoka nje kutazama taa zinazowaka bila moshi. Mzee mmoja Msukuma, aliyesikia kuwa umeme huo ni wa maji, aliuliza mto wenyewe uko wapi. Nilimwonyesha waya. Akavua kofia.

Nilipostaafu, Masanja alikuja kuniaga na familia yake. Hadithi ya ule mpini aliijua. Nilimsimulia mwenyewe jioni ileile, naye akacheka mpaka akalia.

"Mpeni bibi shikamoo," akawaambia watoto wake wanne.

Niliitikia marahaba mara nne, huku nikiwatazama vimo vyao. Watatu walikuwa wamezaliwa baada ya mchana ule.