Mkanda wa Baba Chini ya Boneti

Juzi Mpanda mjini nilikuwa napatana bei ya boneti ya trekta bovu, nikaona ukingoni imepigiliwa kipande cha mkanda wa suruali. Nikayahesabu matundu yake mara mbili, yakawa yaleyale ya mkanda wa baba, nikacheka peke yangu. Muuzaji akadhani nacheka bei, akapunguza.

Kwetu Magamba baba alikuwa na trekta kuukuu la kuwasha kwa kuzungusha hendeli. Mchana mmoja nikiwa mdogo liliwaka kwa shida, moshi wa dizeli ukajaa uani, na bati la boneti likawa linasaga kwenye chuma, kwii, kwii. Mimi nilikaa kando naimba kwa sauti yangu yote.

“Kelele hizi nazimaliza leo!” baba alifoka. “Kabula, leta mkanda wangu!”

Mkanda ule ulikuwa na kazi mbili, na kushika suruali ilikuwa ya pili. Nikavaa sketi mbili, nikampelekea huku nalia.

“Sasa unalia nini?” aliuliza, akiukata vipande kwa kisu. Akavipigilia chini ya boneti, ukingoni. “Bati likisuguana hivi litatoboka.”

“Na suruali je, baba Kabula?” mama aliuliza.

“Kamba zipo.”

Nikafuta machozi, nikarudi kuimba, safari hii kwa nguvu zaidi.