Choo Kilichokaa Kitupu

Hadi leo, kabla sijafungua mlango wa choo cha nyuma, nakohoa. Wanangu wananicheka, wanauliza nampigia nani hodi.

Choo chetu cha kwanza hapa Malangali tulikijenga baada ya bwana afya kupita mtaani na picha zake za nzi wakubwa kama kuku. Mume wangu alijitahidi: matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, mlango wa bati. Baba mkwe alikisifia kwa kila mgeni. Mwenyewe hakukitumia hata siku moja. Alfajiri nilisikia kikohozi chake kikipotelea kwenye mahindi nyuma ya nyumba, fimbo ikigonga mawe.

Sababu niliijua. Kwetu mzee hachuchumai mahali anapochuchumaa mke wa mwanawe. Bwana afya alihubiri wadudu na kipindupindu, tukaitikia ndiyo, ndiyo, kama kanisani. Aibu hakuigusa, na hakuna aliyemtajia.

Mvua zilipokolea, mzee akashikwa na kuhara. Mume wangu alikuwa ameenda kijiji cha Msanzi, shambani. Baridi ilikuwa ile ya kwetu, inayoingia hadi kwenye mifupa, na mzee alitoka na kurudi, koti limelowa. Roho iliniuma sana. Nikaamua kumwachia choo, nikawa naenda kwa jirani. Lakini jambo kama hilo mkwe anaanzaje kulitamka? Asubuhi nilipiga goti mlangoni kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama, baba. Vipi hali yako?"

"Namshukuru Mungu. Ni mvua tu hii."

"Choo kipo, baba."

"Nakiona, mwanangu. Kizuri."

Tukaishia hapo, wote tunatazama chini.

Basi choo kikakaa kitupu. Mimi nimekikimbia kwa ajili yake, yeye amekikimbia kwa ajili yangu. Tulimkuta kwenye mahindi, amelala ubavu, fimbo bado iko mkononi.

Matanga yalipokwisha, mume wangu alichukua jembe akachimba shimo la pili, nyuma, karibu na mahindi. Hakusema ni la nani. Siku hizi wakaguzi wakipita wanatusifu kwa kuwa na vyoo viwili. Hicho cha nyuma hakuna anayekitumia. Nakifagia mimi kila asubuhi. Nakohoa kwanza, halafu nasubiri kidogo, ili kama yumo amalize bila aibu.